Hatua Mia Mbili

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, Nakijwa Mfinanga alipita kwa Mzee Mbonea Mrutu kuangalia kama amekufa.

Kwenye daftari la kijiji kazi hiyo iliandikwa "kumjulia hali", kwa kuwa watu wa Irindi wana adabu zao. Lakini hakuna asiyejua maana yake, na Mzee Mbonea ndiye aliyejua kuliko wote, maana alikuwa na miaka tisini na mmoja na akili zake zote timamu. Kwa miaka sita sasa alikuwa ndiye anayefuata. Kwa miaka sita alikuwa hafuati.

"Hodi humu."

"Karibu. Bado nipo," mzee alijibu kutoka jikoni. "Pole kwa safari ya bure."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda. Uji ndio kwanza unatokota."

Nakijwa akakaa, magoti yakamlalamikia. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa msajili wa makaburi ya Irindi, kazi ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiomba. Alimtazama mzee akikoroga uji huku ameegemea gongo lake. Mguu wa kushoto ulikatwa miaka kumi na tano iliyopita, ukazikwa nyuma ya nyumba kwa heshima zote. Kifuani, chini ya shati, kitaa cha kijani kiliwaka na kuzima. Hiyo ilikuwa pampu ya moyo. Kila baada ya siku tatu zahanati iliitumia dawa na nguvu kupitia Namba yake, ile Namba moja ambayo kila mtu nchini hupewa anapozaliwa na kufungiwa anapokufa.

"Nyuki wanasemaje?" mzee aliuliza.

"Wamejaa. Tangu Alhamisi wanatuma wakaguzi."

Mwiko ukasimama. "Wanafika?"

"Hawafiki. Wanakwenda, wanachoka, wanarudi."

"Na mashine zinalima lini kipande kile?"

"Jumanne ijayo."

"Siku nane." Mzee akarudi kukoroga. "Haya. Basi nijitahidi."

"Baba, usiseme hivyo, tafadhali."

"Nisemeje? Wewe kila Jumatatu unaingia hapa unanipima kwa macho kama seremala wa majeneza. Na mimi nina haya zangu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Nakijwa akajikuta anakisikiliza kikohozi kile kwa makini kuliko inavyostahili. Akaona aibu. Akanywa uji haraka, ukamuunguza ulimi.

*

Zamani mlima mzima ulikuwa msitu mmoja. Nakijwa hakuuona, hata bibi yake hakuuona. Alichokikuta yeye ni vipande viwili, Shighi upande wa machweo na Mranga upande wa mawio, na katikati yake hatua elfu mbili na mia nne za shamba la Kampuni, linalolimwa na mashine zisizo na dereva.

Mashine zile hazikuwa na ubaya na mtu. Zililima kila kilichoandikwa shamba kwenye ramani yao, basi. Wanakijiji walipanda ua wa maua kuvuka shamba, zikalima ua. Wakapanda miti, zikang'oa miti. Waliandika barua mpaka mwandishi wa barua akastaafu. Kitu kimoja tu kilizifanya mashine zipinde, nacho kilikuwa kaburi.

Ardhi ilipochukuliwa, wazee waligoma kutia dole gumba mpaka waachiwe haki moja, ya kuzikwa kwenye udongo wa mababu zao. Wakubwa wa Kampuni waliona ni jambo dogo, wakakubali. Tangu siku hiyo kila kaburi lilisimikwa kibati chenye Namba ya marehemu. Mashine ikifika hushusha pua yake, ikanusa mfupa ulio chini ya udongo, ikasoma kibati, ikauliza orodha ya wafu. Vyote vitatu vikikubaliana, huinua majembe na kuzunguka, ikiacha hatua tisa kila upande. Ndani ya hatua hizo tisa mtu anaweza kupanda anachotaka.

Bibi Namsifu, mama mkwe wa Nakijwa, alikuwa akidai kwamba wazo la kuupanga ushoroba, njia ya nyuki kuvuka shamba, kwa makaburi lilikuwa lake. Huenda ni kweli. Alikuwa amelala kwenye kaburi la nne, kwa hiyo hakuna aliyebishana naye.

Wazo lenyewe lilitokana na tabia ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Nyuki wakubwa wakitaka kuhama huondoka kundi zima, wakafika mbali. Wadogo hawawezi. Nyumba yao mpya hujengwa kwa nta na asali ya nyumba ya mama, mzigo kwa mzigo, wiki baada ya wiki, na malkia kijana hatoki kwao mpaka nyumba iwe tayari. Hawawezi kuhamia mahali ambapo hawawezi kwenda na kurudi na mzigo mara nyingi kwa siku. Hatua mia mbili wanazimudu bila taabu. Mia mbili na thelathini wanazimudu pasipo na upepo. Zikifika mia mbili na hamsini wanakata tamaa.

Kwa hiyo kaburi moja kila hatua mia mbili, na juu ya kila kaburi kivumbasi cha maua na mzinga mmoja wa gogo. Makaburi kumi na moja yangetosha kuunganisha Shighi na Mranga. Watu wa Irindi walikufa kwa zamu, kila mmoja akajua nafasi yake, na kwa miaka thelathini na mmoja nyuki walisogea kutoka kaburi moja hadi jingine. Lilikuwa jambo la kujivunia. Mtu aliyekuwa kwenye foleni ya kuzikwa shambani alisalimiwa kwa namna yake sokoni.

Kisha mambo mawili yakaharibika. La kwanza, mwaka uliopita Shighi iliungua kwa siku tisa. Makundi ya nyuma yalikuwa tayari yamedhoofu. Yalikuwa machache mno, yakioana ndugu kwa ndugu na kuzaa madume yasiyozalisha. Kufikia masika mizinga kumi ilikuwa kimya. Kundi pekee lililobaki hai lilikuwa la kaburi la kumi na moja, na malkia wake alikuwa mzee. Ng'ambo, Mranga, kulikuwa na makundi mawili tu, nayo yakiugua ugonjwa ule ule wa kuoana wenyewe. Miti ya Mranga ilichanua kila mwaka, ikamwaga maua chini bila tunda. Msitu ule ulikuwa unazeeka bila watoto, na chemchemi ya Irindi ilitoka chini ya mizizi yake.

La pili, kaburi la kumi na moja halikufika lilipotakiwa kufika. Kutoka pale hadi mti wa kwanza wa Mranga zilibaki hatua mia tatu na sabini. Sababu iliandikwa kwenye daftari na msajili mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri: hatua za waombolezaji ni fupi. Kamati ikasoma, ikakubali, ikatafuta mtu wa kumi na mbili.

Jumatatu ile baada ya uji, Nakijwa alikaa karibu na kaburi la kumi na moja, kishikwambi magotini. Wakaguzi, nyuki wanaotangulia kutafuta nyumba mpya, alikuwa amewapaka vumbi linalong'aa, na kila mmoja alionekana kwenye kioo kama nukta. Nukta ilitoka kwenye gogo, ikaelekea Mranga. Mia moja na themanini. Mia mbili na kumi. Mia mbili na arobaini. Ikazunguka mahali pamoja juu ya udongo mtupu, ikarudi. Nyingine ikatoka. Aliziangalia mpaka jua likawa utosini, na nyuki mmoja aliyechoka akatua kwenye mkono wa gauni lake, mwili wote mdogo kuliko punje ya mchele, akihema kwa tumbo.

"Najua," Nakijwa alimwambia. "Hata mimi."

*

Jumatano kamati ilikutana kwenye ghala la shule. Mwenyekiti alikuwa Kangalu Mchome, aliyesoma darasa moja na Nakijwa, mwanamume mwema ambaye wema wake ulikuwa umechakaa kwa kutumika sana.

"Sitazunguka," alisema. "Mfupa tunao. Mguu wa Mzee Mbonea uko nyuma ya nyumba yake. Tukiuzika pale panapotakiwa, tukasimika kibati chake, mashine itanusa mfupa wake na kusoma Namba yake. Kinachokosekana ni jina kwenye orodha ya wafu. Na jina linaingizwa kwa dole gumba la msajili."

"Mzee yuko hai," Nakijwa alisema.

"Simwambii mtu amuue. Ni kumwandika tu."

"Kangalu, acha. Ukimwandika, Namba inafungwa jioni ile ile. Zahanati haimjui tena. Pampu ina akiba ya siku tatu. Na orodha ile haina kufuta. Hakuna aliyewahi kutoka humo."

"Nalijua hilo."

"Basi liseme kama lilivyo."

Kangalu akafuta uso kwa kiganja. "Nimelisema usiku na mchana kichwani mwangu, dada. Ana miaka tisini na mmoja. Nyuki wana siku sita kabla mashine hazijalima, na malkia wao hatafika msimu mwingine. Chemchemi mwaka huu imejaza ndoo kwa nusu saa. Zamani ilikuwa dakika tano. Unataka nisemeje? Nimechoka kuwa mtu mwema ambaye hakuna kinachofanyika mikononi mwake."

Mlangoni gongo likagonga sakafu. Mzee Mbonea aliingia taratibu, amevaa koti lake la kanisani, akakataa kiti alichopewa.

"Mnanijadili kama ng'ombe wa mahari, na mwenyewe nipo hapo nje," alisema. "Niandikeni. Nilikuja kusema hilo tu. Ningekuja mapema, ila kilima hiki kimezidi kurefuka."

Nakijwa aliwatazama wajumbe na akaona mabega yao yakishuka, kidogo tu, kama ya mtu anayetuliwa mzigo. Walikuwa wamefarijika. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba mabega yake mwenyewe yalishuka pia.

"Nipeni mpaka Ijumaa," alisema.

"Ya nini?" Kangalu aliuliza. "Mwenyewe amekubali."

"Dole gumba ni langu. Nimesema Ijumaa."

*

Walirudi pamoja, yeye na mzee, kwa njia ya makaburi, kwa sababu ndiyo njia pekee tambarare kwa mtu wa gongo. Mashine mbili zilikuwa zikilima mbali, zikinguruma. Kwenye kaburi la tisa, la mumewe Sefaeli, Nakijwa aling'oa gugu moja kwa mazoea. Kaburi lile alilipima mwenyewe, hatua mia mbili kamili, wala moja haikupungua.

Walipofika la tano mzee alisimama.

Lilikuwa kaburi dogo. Kivumbasi chake kilikuwa kimestawi kuliko vyote, kwa kuwa kilimwagiliwa hata siku za mvua. Kibati kilisema Eliamani Sefaeli, na miaka miwili iliyopishana kwa sita. Kutoka pale mtu aliweza kuona waziwazi kaburi la Bibi Namsifu, la nne. Lilikuwa karibu mno.

"Nilibeba jeneza lake," mzee alisema. "Mbele, upande wa kushoto. Kwa mguu ule ule waliokuja kuukata."

"Nakumbuka, baba."

"Mtu akibeba, hana la kufanya ila kuhesabu hatua. Nilihesabu tangu kwa bibi yake. Wewe ulikuwa mbele yetu na kamba ya kupimia. Tukafika thelathini, ukasimama. Ukasema, hapa."

Miaka ishirini na miwili Nakijwa alikuwa ameingoja sentensi ile, na sasa ilipofika alihisi uchovu tu, uchovu mkubwa, kama mtu aliyeshika mlango kwa muda mrefu ili usifunguke.

"Alikuwa anaogopa mashine," alisema mwishowe. "Zikinguruma alikuwa anajificha kwenye kanga ya bibi yake. Ningemwachaje peke yake katikati ya shamba? Mtoto wa miaka sita. Nilikuwa na nia ya kufika mia mbili, Mungu anajua. Miguu ilikataa."

"Najua."

"Na wengine wote wakapimwa kutoka kwake. Kila kaburi limerudi nyuma kwa hatua mia moja na sabini kwa ajili yangu. Kisha nikaandika daftarini kwamba hatua za waombolezaji ni fupi."

"Tulisoma. Tulikuwa wabebaji sita, na sote tulijua kusoma."

"Kwa nini hamkusema?"

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Tukuambie nini, Nakijwa? Sogea mbele na maiti ya mwanao? Ulisema hapa, tukachimba hapa. Wanne kati yao wameshakufa na hilo mdomoni."

Mashine moja ilifika mwisho wa mstari wake, ikageuka. Walingoja kelele ipungue.

"Sikukwambia ili ufanye lolote," mzee aliendelea. "Nimekwambia kwa sababu keshokutwa utanitia kwenye orodha, na sikutaka uje kudhani nilikwenda bila kujua naziba pengo gani. Naliziba nikijua. Nimeishi miaka tisini na mmoja, yeye sita. Mwache mtoto alale."

Nakijwa akachuchumaa, akashika udongo wa pembeni ya kivumbasi. Alilia, bila kelele na bila kujificha, na mzee akasimama kando yake akiegemea gongo, hakumwambia anyamaze.

Alipomaliza, alijifuta kwa upindo wa kanga na kusema, kwa sauti yake ya ofisini, "Kutoka la nne hadi la sita ni hatua mia mbili na thelathini."

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Hili la katikati lisingekuwepo, nyuki bado wangepita. Siku isiyo na upepo."

Mzee akaelewa, na uso wake ukabadilika. "Hapana. Hapana, mama. Wafu hawasumbuliwi."

"Wazee wenu ninyi walikuwa wakiwatoa. Mtu alizikwa nyumbani, miaka ikipita wakamfukua, fuvu likapelekwa kwenye mpungi, msitu wa ukoo, akae na wenzake. Bibi Namsifu alinisimulia. Mpaka kanisa lilipokataza."

"Hayo ni ya zamani."

"Wale walioandika haki ya kuzikwa walikuwa wa zamani. Wakaiweka desturi hiyo humo. Fomu ya tisa, uhamisho wa mabaki. Nimekaa nayo kwenye kabati miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kuiulizia. Namba ya Eliamani ilishafungwa, baba. Kumhamisha yeye hakumuui mtu."

"Na hapa?"

Mzee alijua jibu, naye Nakijwa alijua kwamba anajua. Mfupa ukitoka, pua ya mashine haitanusa kitu. Patalimwa.

"Hapa patakuwa shamba," alisema.

*

Ijumaa alitia dole gumba kwenye fomu ya tisa. Kangalu aliisoma mara mbili, kisha akasema, "Dada, sikujua." Kwa kuwa baba yake alikuwa mmoja wa wale wabebaji sita, huenda alikuwa anajua. Nakijwa hakutaka kumchunguza.

Jumamosi asubuhi, umande ulipokauka, wanawake wanne wa ukoo walikuja na majembe ya mkono. Walichimba polepole, wakitumia vidole kadiri walivyozidi kwenda chini. Udongo wa Irindi ni mwekundu na una unyevu. Mbao zilikuwa zimekwisha. Mifupa ilikuwa midogo na ya rangi ya chai. Nakijwa aliipokea mmoja mmoja na kuilaza kwenye sanduku la mvule lililotandikwa kanga ya Bibi Namsifu, ambayo alikuwa ameitunza bila kujua anaitunzia nini. Alistahimili vizuri mpaka zilipotokea kandambili. Zilikuwa za plastiki ya bluu, hazikuoza hata kidogo, na ya kulia ilikuwa na waya aliouzungushia mwenyewe kwenye ukanda uliokatika, wiki ile ya mwisho, akiahidi kumnunulia nyingine.

Mama mmoja akamshika bega. "Tupumzike?"

"Tukipumzika sitainuka," Nakijwa alisema, akaziweka kandambili juu ya kanga, akafunga sanduku.

Kangalu aliomba kumsaidia kubeba. Alikataa. Sanduku lilikuwa jepesi mno, na wepesi ule ndio uliomlemea. Walipita kaburi la sita, la saba, la nane. Kwenye la tisa alipunguza mwendo kidogo, Sefaeli amwone mwanawe akipita. Watu waliongezeka nyuma yao, bila wimbo, maana hakuna aliyejua ni wimbo gani unaimbwa kwa msiba wa mara ya pili. Nyuma ya wote gongo la Mzee Mbonea liligonga, likagonga.

Kwenye kaburi la kumi na moja nyuki walikuwa wakitoka na kuingia kwenye tundu la gogo. Upepo haukuwepo. Nakijwa aliweka kisigino chake pembeni ya kaburi, akaelekea Mranga, akaanza kuhesabu kwa sauti ili pasiwe na mtu wa kuja kuandika uongo daftarini tena.

"Moja. Mbili. Tatu."

Udongo ulikuwa laini, uliolimwa mara nyingi. Mbele yake hapakuwa na kitu ila matuta na, mbali, ukuta wa kijani. Hapakuwa na bibi upande huu. Hapakuwa na mtu.

"Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini."

Akasimama.

Hakukusudia. Miguu ilisimama yenyewe, kama ilivyosimama siku ile, na mikono ikalibana sanduku kifuani. Watu wote wakasimama. Alisikia mashine ikinguruma upande wa Shighi. Alitaka kusema "hapa". Neno lilikuwa tayari mdomoni, na alijua kwamba akilisema watachimba, hakuna hata mmoja atakayebisha, na safari hii pia watakufa nalo.

Nyuma kabisa, sauti nyembamba ya mzee ikasema:

"Thelathini na moja."

Nakijwa akapumua. Akainua mguu wa kulia.

"Thelathini na mbili," alisema, na mzee akasema thelathini na tatu, na kuanzia hapo wote wakahesabu pamoja naye, Kangalu, kina mama, kila aliyekuwepo, sauti zikipishana, mpaka mia moja, mpaka mia moja na hamsini, wakimsukuma kwa namba. Walipofika mia mbili aliweza kuona majani ya Mranga, jani moja moja.

"Hapa," alisema.

*

Jumanne mashine zilipokuja, alilazimika kuchagua pa kusimama. Alisimama kwenye la tano. Kivumbasi na gogo alikuwa amevihamishia la kumi na mbili, lakini hakutaka pawe pakavu na patupu bila mtu.

Mashine ilifika, ikashusha pua. Ikanusa kwa muda mrefu kuliko kawaida, au yeye alidhani hivyo. Haikuinua majembe. Ilipita juu ya mahali pale kama inavyopita popote, udongo ukageuka, na ilipokwisha kupita hakuweza tena kusema kwa uhakika palikuwa wapi.

Kishikwambi kikaita. Ilikuwa sauti ya Mzee Mbonea, aliyepelekwa la kumi na mbili kwa mkokoteni.

"Imezunguka," alisema. "Hatua tisa kila upande. Ina adabu kuliko wajukuu zangu."

"Na wakaguzi?"

"Ngoja." Kimya. "Yuko mmoja mlangoni kwenye gogo. Ameingia." Kimya kirefu zaidi. "Ametoka. Amerudi kwao."

"Amerudi amechoka au amerudi kuwaambia wenzake?"

"Mama, mimi sijui lugha yao. Njoo uangalie mwenyewe."

Alikwenda. Hakufika mpaka mchana, na alipofika nyuki saba walikuwa wakipokezana kwenye tundu, kila mmoja na kidonge cha nta miguuni. Aliketi kuwaangalia, kwa mara ya kwanza bila kishikwambi.

Jumatatu iliyofuata alipita kwa Mzee Mbonea.

"Hodi humu."

"Karibu. Bado nipo."

"Naona. Sikuja kwa hilo." Akavuta kigoda. "Nimekuja kunywa uji."

Mzee akammiminia, akajimiminia na yeye, akakaa. Kitaa cha kijani kiliwaka na kuzima. Walikunywa bila haraka.

"Sasa sina nafasi kwenye foleni," mzee alisema. "Naweza kufa siku yoyote ninayotaka. Ni raha ya ajabu, sikujua."

"Unataka uzikwe wapi, baba? Chagua popote. Hakuna anayehesabu tena."

"Pale pale la kumi na mbili, pembeni yake. Hatua moja inatosha." Akapuliza uji. "Kule mwisho kelele ni nyingi, na yule mtoto anaogopa mashine."

Nakijwa alitoa daftari mfukoni, akaliandika hilo, akarudi kwenye uji wake.